Walowezi Wameondoka, Nyumba Zimebaki

Mtu atokaye Arusha kwenda Ngorongoro huiacha barabara kuu ya Dodoma pale Makuyuni, akashika njia ya magharibi. Huvuka mbuga kavu za Wamaasai, hupita Mto wa Mbu penye ndizi nyekundu na vinyago vya kila namna, kisha gari huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali, Ziwa Manyara likibaki chini kama sahani ya bati iliyosahauliwa juani. Afikapo juu, nchi hubadilika ghafula. Udongo ni mwekundu, hewa ni ya baridi, na badala ya miiba anaona mahindi, ngano, mbaazi na maharage juu ya vilima vya Rhotia hadi upeo wa macho. Hiyo ndiyo Karatu, nchi ya Wairaqw, ambao majirani wengi hupenda kuwaita Wambulu, na ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu hadi ilipofanywa wilaya yenyewe mwaka 1995.

Magari mengi ya watalii hayasimami hapo ila kwa kujaza mafuta. Macho ya abiria yako mbele, kwenye wingu linalokaa juu ya msitu wa Ngorongoro. Lakini ndugu msomaji akijaliwa kusafiri upande huo, tunamwomba ashuke, atembee kwa miguu barabara za vumbi zinazoacha lami na kupanda kuelekea msituni, upande wa Tloma na upande wa Oldeani. Huko ataona jambo ambalo msafiri wa haraka halioni: jinsi mahali pa kazi palipofungwa na wenyewe panavyoweza kupata kazi nyingine, na nani hasa hunufaika panapofufuka.

Swali hili linaulizwa siku hizi katika nchi nyingi. Mjini London mtambo wa umeme wa Battersea, uliokuwa ukila makaa ya mawe usiku na mchana, ulizimwa mwaka 1983, ukakaa gofu karibu miaka 40, na ulipofunguliwa tena mwaka 2022 ulikuwa maduka, ofisi na nyumba za kuishi ambazo mfanyakazi wa kawaida wa mji ule huzitazama kwa nje tu. Na sisi hapa nyumbani tunayo Kiwira, kule kusini-magharibi, mgodi wa makaa ulioanza kazi mwaka 1988 kwa msaada wa China, pamoja na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Baada ya kubinafsishwa mwaka 2005 mgodi ule ulidorora, wafanyakazi wakabaki wakidai haki zao, na Serikali ikalazimika kuurudisha mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa. Kila mahali swali ni lile lile: kuta hizi, barabara hii, bomba hili la maji na watu hawa waliozaliwa kandokando yake, vifanywe nini?

Karatu haikuwahi kuwa na mtambo wa makaa. Lakini shamba kubwa la kahawa nalo ni kiwanda, ila kimejengwa juu ya udongo. Lina nyumba ya bwana juu ya kilima, lina mashine ya kumenya buni, lina birika za kuoshea na vitanda vya kuanikia, lina mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni, na chini kabisa, mbali na nyumba ya bwana, lina kambi ya wafanyakazi. Likifungwa, vyote hivyo hubaki.

Mashamba haya yana historia ya kuandamwa na vita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walifukuzwa Tanganyika na mali zao zikauzwa. Waingereza hawakuwaruhusu kurudi hadi mwaka 1925. Waliporudi, wengi walikuta ardhi nzuri za Kilimanjaro na Meru zimekwisha kuchukuliwa, wakasogea magharibi mpaka miteremko ya mlima Oldeani. Jina lenyewe ni la Kimaasai na lina maana ya mianzi, kwa kuwa mianzi imejaa kule juu. Hapo walikata msitu, wakapanda mibuni, na mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 Oldeani ikawa kama kijiji cha Ujerumani kilichopotea njia. Mpaka leo liko shamba linaloitwa Edelweiss, jina la ua dogo jeupe la milima ya Ulaya, ua ambalo kibarua aliyekuwa akilipalilia shamba lile hakupata kuliona maishani mwake.

Vibarua wenyewe wengi walitoka mbali, hasa upande wa Singida. Wairaqw walikuwa na mashamba yao na ng'ombe wao, nao hawakuona sababu ya kuchuma buni za mtu mwingine kwa ujira mdogo. Tunalitaja hili kwa makusudi. Mara nyingi husemwa kwamba mlowezi alileta kazi. Husahauliwa kwamba mwenyeji alikuwa na kazi yake tayari. Katika miaka ile ile Wairaqw walikuwa wakitoka katika milima yao ya asili kusini, ambako zamani walijenga nyumba zilizozama ardhini kwa kuwahofia wavamizi, wakifyeka vichaka na kufungua nchi ya Karatu kwa jembe.

Kisha ikaja Septemba 1939. Vita ilipotangazwa, walowezi wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Mwenye shamba akaondoka. Mbuni haukujua kuna vita, ukaendelea kuzaa. Kwa mfanyakazi wa kambi ilikuwa ni kubadilishiwa bwana bila kuulizwa.

Baada ya vita mashamba haya yaliuzwa au kupangishwa kwa watu wengine. Moja, lililo juu ya Tloma, ukingoni kabisa mwa msitu, lilikuwa limeanzishwa na Mjerumani mwaka 1929. Mwaka 1948 lilinunuliwa na James Gibb, Mwingereza aliyetoka vitani. Gibb alilima kahawa yake kama wengine. Lakini mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakafanya jambo ambalo wakati ule lilionekana kama mchezo: wakafungua nyumba ya shamba kwa wageni waliokuwa wakipita kwenda kreta. Nyumba ile ile ya mlowezi ikawa chumba cha kulia. Bustani ya mboga iliyokuwa ya mama wa nyumba ikawa ghala la jikoni. Wapalilia kahawa wengine wakawa watunza bustani, wapishi na waongoza wageni katika njia za msituni, kule tembo na nyati wanakochimba mapango kwa meno na pembe wakitafuta udongo wa chumvi. Kahawa haikung'olewa. Ilibaki ikilimwa, na ikawa inanywewa pale pale ilipochumwa, jambo ambalo ni adimu katika nchi inayouza buni zake mbichi ng'ambo.

Leo mfano huo umeenea. Ukipita kati ya Karatu na lango la Lodoare utaona vibao vya hoteli nyingi, nyingine katika nyumba za walowezi, nyingine mpya zilizojengwa kwa kuiga umbo la nyumba hizo, mabati mekundu na dohani la mawe, hata pale ambapo hapakuwahi kuwa na mlowezi. (Ni ajabu ya biashara kwamba babu alikimbia kuchuma kahawa ya Mzungu, na mjukuu anajenga nyumba ifanane na ya yule Mzungu ili apate wageni.) Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi langoni, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo iliyofungua mlango huo. Kabla yake safari ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya kusukuma gari wakati wa masika.

Wageni hao huleta nini? Hapa yafaa tusiseme kwa pupa. Shamba la kahawa huita watu wengi kwa majuma machache ya kuchuma, kisha huwarudisha nyumbani. Hoteli huita watu wachache, lakini huwalipa mwaka mzima, na humfundisha kijana ufundi anaoweza kuhama nao: kupika, kuendesha gari, kutengeneza bomba, kusema lugha ya tatu na ya nne. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, haiko chumbani kwa mgeni. Iko njia ya nyuma, penye mlango wa jikoni. Hoteli inayonunua viazi Rhotia, vitunguu Mang'ola, maziwa na mayai kwa akina mama wa kijiji jirani, inagawa fedha katika nyumba nyingi ambazo mtalii hatazijua. Hoteli inayoletewa kila kitu kwa lori kutoka Arusha inaacha kijijini mishahara ya watumishi na vumbi. Zote mbili zina kibao kizuri barabarani. Anayetaka kujua ni ipi, na aulize nani anauza mboga.

Vitunguu hivyo vya Mang'ola vinastahili neno. Kutoka Karatu barabara moja hushuka kusini-magharibi hadi bonde la Ziwa Eyasi, nchi ya joto kali, ambako chemchemi zitokazo chini ya miteremko ya nyanda za juu humwagilia mashamba ya vitunguu yanayojulikana mpaka Nairobi. Maji hayo, kama yale ya mifereji ya Oldeani, hunyonywa na msitu wa Ngorongoro na kuachiwa polepole. Kwa hiyo mkulima wa vitunguu asiyepata kumwona faru maishani mwake naye ana haki yake katika msitu ule, sawasawa na mwenye hoteli.

Turudi kwenye hatari. Mji unaoishi kwa kitu kimoja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Gibb alifungua nyumba yake mwaka 1972. Mwezi Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Watalii wengi wa siku hizo waliingia kaskazini kwa njia ya Nairobi, na vitanda vya Ngorongoro na Manyara vilikaa bila wageni. Aliyebaki na kahawa alisema afadhali kahawa. Lakini Julai 1989 mkataba wa dunia uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na aliyebaki na kahawa akatamani watalii. Wakaja kweli, na Karatu ikajenga, ikakopa, ikasomesha vijana kazi ya hoteli. Kisha mwaka 2020 ndege za dunia nzima zikatua na kuzimwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Anga letu lilifunguliwa tena mwezi Mei mwaka ule ule, lakini wageni hawarudi kwa tangazo. Wapishi na madereva walirudi kwenye mashamba ya baba zao. Na hapa Karatu ilionekana kuwa na bahati ambayo miji ya migodi haina: kulikuwa na mashamba ya kurudia. Mchimbaji wa makaa akifungiwa mgodi, hana ekari mbili za mahindi zinazomngoja.

Pamoja na hayo, kuna jaribio jingine katika wilaya hii ambalo kizazi cha sasa kimelisahau. Upande wa Mbulumbulu, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa, kiko kijiji cha Upper Kitete. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara tu baada ya Uhuru, familia za vijana zilikwenda kuanzisha makazi mapya huko, zikilima ngano kwa trekta na kwa pamoja, na baadaye kijiji hicho kikawa miongoni mwa vijiji vya ujamaa vilivyotajwa na kutembelewa sana. Wako wanaocheka leo wakisikia habari za shamba la pamoja. Wacheke, lakini waliokwenda Kitete hawakuwa wakingoja mwenye mtaji atoke ng'ambo ndipo ardhi ipate kazi. Trekta zilichakaa, mpango ulibadilika, na kijiji bado kipo, watu wanalima na kusomesha.

Sasa na tupande Ngorongoro yenyewe. Kutoka lango la Lodoare barabara hupita katika msitu mnene, ndevu za miti zikining'inia katika ukungu, na ghafula ukingo hufunguka: chini, mita 600 hivi, iko sakafu ya kreta yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, na ziwa la magadi katikati. Wengi hutazama wanyama. Sisi tunataka msomaji atazame kitu kidogo: magofu ya nyumba ya shamba, upande wa kaskazini, karibu na mto Munge.

Hapo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliishi Adolf Siedentopf, mlowezi wa Kijerumani, na nduguye Friedrich Wilhelm alikuwa upande wa pili wa kreta, Lerai. Walifuga ng'ombe, walijaribu kufuga mbuni, na walifanya juhudi kubwa ya kuwafukuza nyumbu watoke bondeni ili kuwapisha ng'ombe wao. Nyumbu hawakutoka; waliotoka ni akina Siedentopf, vita ilipokuja. Shamba lao halikufanywa hoteli wala kijiji. Nyasi zilirudi, na leo nyumbu hujikuna kwenye mawe ya msingi. Hata hilo ni jibu kwa swali letu. Si kila mahali palipofungwa panadai kujengwa upya.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu kabla ya Mjerumani. Wamaasai walichunga humo, na baada yake waliendelea. Mwaka 1959 Serengeti na Ngorongoro zilipotenganishwa, wafugaji waliotoka Serengeti waliahidiwa kuishi Ngorongoro, na eneo hili la kilomita za mraba zipatazo 8,300 likawekewa sheria ya pekee: wanyama, watu na mifugo pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima; mwaka 1992 kiliruhusiwa kidogo, kisha mwaka 2009 kikazuiwa tena. Ndiyo sababu siku ya mnada Karatu utawaona wazee wenye lubega wakiuza mbuzi na kununua magunia ya mahindi ambayo sheria haiwaruhusu kuyapanda nyumbani. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikiwahamishia Msomera, wilayani Handeni, wale wanaojiandikisha, ikiwajengea nyumba na kuwapa mashamba; wako waliokwenda, na wako wengi wanaokataa, na Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani ndani ya hifadhi kupinga jinsi walivyokuwa wakiondolewa huduma na haki ya kupiga kura mahali walipozaliwa.

Hatuwezi kuandika habari za Karatu tukaliruka jambo hili kwa sababu linachoma. Mlango wa Ngorongoro umeitajirisha Karatu kwa kiasi, na Mamlaka ya Hifadhi imekuwa ikihamishia mjini humo ofisi na nyumba za watumishi wake, jambo linaloongeza wateja sokoni. Lakini mji hauwezi kukua kwa kuwa kando ya watu wanaopungukiwa, ukasema huo ni ufufuo. Kipimo tulichokitumia kwa hoteli za kahawa, nani anauza mboga, kinatumika na ukingoni mwa kreta: mama wa Nainokanoka anauza nini, kwa nani, na maziwa yake yanafika jikoni gani?

Kwa familia ya mfanyakazi inayotaka kwenda, safari si ghali kama wengi wanavyodhani. Raia hulipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni wa ng'ambo, na kitalu cha mahema au nyumba ya wageni ya Karatu itawatosha wanaoona hoteli za ukingoni ni za watu wengine. Vaeni sweta; ukingoni ni mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na watoto wa Dar es Salaam hushangaa kuona pumzi zao. Yafaa kuondoka Karatu alfajiri, kabla magari hayajasongamana langoni.

Na mkirudi jioni, kabla ya kuingia mjini, simameni katika barabara ya Oldeani saa za kumaliza kazi. Mtawaona watu wakishuka katika makundi, wengine wamevaa sare za hoteli, wengine wamebeba majembe na vikapu vya kuchumia, wakiingia njia moja inayokwenda kambini, katika nyumba zile zile za safu zilizojengwa kwa ajili ya vibarua wa Mjerumani. Katika mashamba mengine kuta zimepigwa plasta na umeme umeingizwa. Katika mengine, wageni wanalala juu ya kilima katika nyumba iliyotengenezwa upya mara tatu, na kambi bado ina bati lile lile la zamani.